Nawwaf, Aliyetafuta Kelele Mapaani

Nilikuwa nakomba mamumunye niyajaze wali, simu ikalia. Alikuwa Adham, mwenzake ndugu yangu kazini.

"Mama Jumana, Nawwaf ameanguka kwenye ngazi za jengo moja huku mtaa wa mashariki. Ni moyo. Tumemfikisha hospitali, lakini Mungu ameshamchukua."

Kila neno lilisikika safi, kwa sababu ya busta, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi ya simu, niliyoificha juu ya paa nyuma ya tangi la maji, ile ile aliyonikataza Nawwaf.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kwa miaka ishirini na miwili ndugu yangu aliifanyia kazi kampuni ya simu, akizunguka mapaa ya mji wetu wa Irbid, mkononi antena yenye umbo la mfupa wa samaki, akitafuta vitu vinavyovuruga mawimbi ya simu. Kabla ya kukanyaga paa lolote alisimama ngazini akaita "Ya Satir!" mara tatu, ili wanawake wanaoanika nguo wajisitiri. Hata kwangu aliita.

Mwezi uliopita aliita hivyo, akapanda, akaenda moja kwa moja kwenye tangi.

"Dada, hili dude lako linapiga kelele mpaka mnara hausikii watu wengine. Kama shangazi Fikriya harusini! Akianza vigelegele, hata bwana harusi hajisikii."

"Kwani mnara ni wa baba yako?"

"Baba yangu si ndiye wako?" Akacheka, akachomoa waya. "Simu za mtaa mzima zinakatika. Juzi mzee wa jengo la pili kashindwa kuita gari la wagonjwa. Nipe siku nne, nitaomba antena ya mnara igeuzwe kidogo huku kwako. Jumana utampata bila hili."

Jumana ni binti yangu wa pekee, yuko Kuwait. Siku nne niliziona nyingi. Nawwaf alipoteremka tu, nikachomeka tena.

Alijua, maana kipimo chake kilionyesha kila kitu. Hakunishtaki, ila hakuja kula kwangu Ijumaa ile, wala ya pili, wala ya tatu. Mimi, mwenye simu inayoshika mtandao kuliko zote mtaani, sikumpigia. Nilingoja aanze yeye, kwa kuwa ni mdogo wangu.

Adham ndiye aliyeniambia, siku hiyo ya msiba, kwamba antena iligeuzwa siku ya nne kama Nawwaf alivyoahidi. Nilipanda juu nikachomoa busta. Simu ilishika vilevile. Nilikaa chini palepale nikalia.

Walimleta nyumbani ameshaoshwa na kuvishwa sanda, uso wazi. Sisi wanawake hatuendi kuzika, kwa hiyo nafasi yangu ilikuwa ile tu. Nilimbusu paji la uso, nikasema mbele ya wote, "Nawwaf, nimekukosea. Nisamehe."

Mkewe, Siham, akanishika bega. "Mwachie sasa, wifi. Wanamngoja."

Wanaume wakamfunika uso, wakambeba. Walimswalia baada ya Alasiri, wakamzika kando ya baba yetu. Sisi tulibaki ndani tukisoma Yasin mpaka waliporudi.