Yaya Alinituma Nikapinge Nyumba Yangu Mwenyewe

Admin, nifichie jina, maana Brussels ni ndogo na Waswahili wa huku tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka 38, mzaliwa wa Lubumbashi, nasafisha ofisi za Umoja wa Ulaya kule Schuman. Mume tuliachana. Nina watoto watatu, tunaishi Schaerbeek, chumba kimoja na sebule, ghorofa ya nne, na ukuta unatoa maji mpaka nguo kabatini zinaota ukungu. Mtoto wa mwisho ana pumu. Mwaka huu ni wa tisa niko kwenye orodha ya logement social, zile nyumba za watu wa kipato kidogo. Kila mwaka napeleka makaratasi, kila mwaka naambiwa nisubiri.

Nina kaka mkubwa, kwetu tunamwita yaya. Baba alipokufa yeye ndiye aliyenisomesha, ndiye aliyenileta Ulaya, ndiye aliyenipokea airport na koti mkononi. Akisema kaa, nakaa. Ana nyumba yake Evere, na pembeni yake kuna kiwanja kikubwa cha commune, yaani manispaa, majani na miti tu. Mwaka jana commune ikabandika pale yale matangazo yake mekundu kwamba inataka kujenga, na mwenye la kusema aje aseme kwenye kikao.

Yaya akanipigia. Akanieleza kwamba wanataka kukata miti wajenge apartema za matajiri, wale wa ofisi za Ulaya, yaani walewale ambao namwaga taka zao kila siku. Akaniomba niende kusema. Nikamuuliza kwa nini mimi, sikai kule? Akasema watoto wangu wanacheza pale kila Jumapili, na mama akiongea anasikilizwa. Akanipa ukurasa mmoja wa Kifaransa, umeshachapwa. Bon, mimi ni nani nimkatalie?

Siku ya kikao alinikataza kuingia mapema. Nilingoja kwenye korido na kitambulisho cha kazi shingoni, wengine wote wakiwa ndani wanaonyeshwa ramani. Aliponiita nikaingia, nikasoma. Miti, watoto, wazee wanaotembea na fimbo zao, magari yatakayojaa. Sauti ikanikatika yenyewe, sikuigiza. Ukumbi ukapiga makofi, na bibi mmoja wa Kizungu akanishika mkono akaniita jasiri. Nisiwadanganye, nilijisikia mtu. Nikapanda metro kurudi kazini kichwa kimevimba.

Miezi ikapita. Mwezi huu nimeenda kupeleka makaratasi yangu kama kawaida. Dada wa pale dirishani, ananijua miaka yote hii, akafungua dosye yangu, lile faili, akaguna. Akaniambia pole maman, kulikuwa na mradi Evere, nyumba za vyumba vitatu, na wewe ulikuwa karibu kabisa na juu ya orodha. Lakini majirani walipinga, jengo la familia kubwa limeondolewa kwenye mpango, zimebaki studio. Halafu akainamisha kichwa, akasema kilichomshangaza ni kwamba hata mama mmoja wa Kiafrika alisimama kupinga, na huyo ndiye aliyewapa nguvu.

Hakujua ni mimi. Nilitoka bila kuaga, nikakaa kwenye kituo cha tramu, zikapita tatu.

Jumapili nikaenda kwa yaya. Nilitegemea atakana, niliomba Mungu akane. Hakukana. Alijua tangu mwanzo ni logement social. Akanieleza, tena bila aibu, kwamba wenzake wa kamati ya majirani, Wazungu watupu, waliogopa wakisema wao wataitwa wabaguzi, ndipo yeye akasema ana mdogo wake. Alinitoa mimi, kwa mdomo wake.

Akasema: "Mudogo, miye nalipa hii nyumba vingt ans, miaka makumi mbili. Bale bantu bakiingia hapa, quartier, mtaa yetu, inakufa."

Nikamjibu: "Bale bantu njo miye, yaya." Wale watu ndio mimi.

Akaniuliza kama nitakula. Nikainuka nikachukua koti langu. Mtu aliyenifunga viatu nikienda darasa la kwanza, kumbe machoni pake mimi ni fujo asiyoitaka dirishani kwake!

Sasa kuna jambo. Kwa kuwa mpango umebadilishwa, commune inaita kikao kingine baada ya wiki mbili. Yule dada wa dirishani alikuwa ameniambia mtu yeyote anaweza kwenda kusema. Nikienda nikasimama mbele ya watu walewale nikaeleza jinsi nilivyotumiwa, pengine jengo la familia litarudi, pengine halitarudi. Lakini yaya amepata fununu, akaniambia nikithubutu kumvua nguo mbele ya majirani zake, nisahau kama nina kaka. Mama amepiga simu kutoka Lubumbashi analia, anasema aliyenileta Ulaya hashitakiwi. Anatumia dawa anazotumiwa na yaya, na mimi peke yangu siziwezi. Donc nikisema, naangusha ukoo. Nikinyamaza, mtoto anaendelea kukohoa.

Kinachonimaliza zaidi ni binti yangu wa kwanza, ana miaka 13, analala na wadogo zake wa kiume kitanda kimoja. Ule ukurasa wa Kifaransa ni yeye aliyenifundisha kuusoma. Siku tatu tuko mezani, ananisahihisha matamshi, ananipigia makofi. Kila siku ananiuliza nyumba yetu itatoka lini, na mimi sijaweza kumwambia kwamba alikuwa ananifundisha kukataa chumba chake.

Ndugu zangu, mnaonisoma sasa hivi, semeni nami kama mngesema na dada yenu wa tumbo moja. Niende nikaseme, au ninyamaze nimpoteze mtoto badala ya kaka?