Fulana za Mwalimu

Habari ilianzia bombani. Jirani wa mlango wa pili, ambaye mtaa mzima humwita Mama Redio akiwa hayupo, alisema ameona kwa macho yake mawili: Mama Kibonge anapokea fulana za watu, anazikatakata, halafu anazipigia deki. Ati ile biashara ya kuunga fulana za zamani ziwe mablanketi ya kumbukumbu ni danganya toto. Mgongo wa fulana ya mtu aliuona ndani ya ndoo ya maji machafu. Alinogewa mpaka ndoo yake mwenyewe ikafurika.

Na kweli aliuona. Mama Kibonge alikuwa akichukua upande wa kifuani tu, wenye picha na maandishi, akiubandika kitambaa kigumu kwa pasi ili usivutike, ndipo aunge. Migongo ilibaki kwenye kiroba, na sakafu ilikuwa chafu. Hakufikiri mara mbili, akachukua mmoja akapigia deki.

Kesho yake mwalimu wa michezo akabisha hodi, uso ameukunja. Ndiye mteja wake wa kwanza. Alikuwa amestaafu, na fulana zile zilikuwa za timu zote alizowahi kufundisha. Hakutaka kiti. Maneno yamemfikia, alisema, na amekuja kuchukua vitu vyake.

Mama Kibonge angemrudishia nini? Zote zilishakatwa. Mwalimu akitoka pale na hasira, nani mwingine angemletea hata soksi? Na hata kusimama hakuweza: mwanawe alikuwa amelala kapuni kando ya cherehani, na mlio ukikatika tu, mtoto yuko macho. Basi mguu ukaendelea kukanyaga cherehani tupu, huku mkono ukionyesha kitandani, ambako vipande vilikuwa vimepangwa tayari kuungwa.

"Mgongo mmoja nimeupigia deki, mwalimu," alisema taratibu. "Sikudanganyi. Nilipaswa kukuuliza kwanza."

Mwalimu akasogea. Aliinamia kitanda, akagusa kipande cha kijani, akacheka puani. Kipa wa timu ile, alisema, mpira ukija alikuwa anafumba macho. Akahamisha kipande, akahamisha kingine. Hawa na hawa hawakuwahi kupatana, wasilale pamoja. Alipokuja kushtuka, alikuwa ameketi sakafuni, kiroba cha migongo mapajani.

"Hii itie upande wa chini, binti, badala ya kitambaa cha dukani," alisema. "Na huo wa ndoo ufue, uushone pembeni. Ndio ulionileta."

Blanketi lilipokwisha, Mama Kibonge alilianika kambani lipigwe na upepo. Mama Redio akaja na mikono nyuma, kama mtu anayepita tu. Akalifunua huku, akalifunua kule, mpaka akaukuta mgongo ule pembeni, safi, umeshonwa ukashoneka. Akalirudisha taratibu, akalinyoosha kwa kiganja.

Mama Kibonge alimpandisha mtoto mgongoni, akafunga kanga.

"Jirani," alisema, "lile la deki ulilifikisha mpaka kwa mwalimu, tena bila nauli. Naomba na hili unifikishie."