Kopo la Majivu

Flaviana Mushi alikuwa na ugonjwa wa usafi. Wenzake pale Hyattsville walimtania kwamba hata vumbi la Maryland linamwogopa. Alikuwa ametunza wazee majumbani kwa miaka kumi na moja, na familia zilimpenda kwa usafi huo. Ndio huohuo uliomponza.

Mzee wake wa mwisho aliitwa Purna, Mnepali aliyeishi Germantown kwa binti yake, Sarita. Kwao Bhaktapur, ukoo wake ulitengeneza vinyago vya miungu kwa udongo na karatasi. Wacheza ngoma huvivaa miezi tisa, kisha vinachomwa kama maiti wa kwao, na majivu yake yanatiwa kwenye vinyago vya mwaka unaofuata.

"Mungu anapita humo," mzee alimweleza. "Kinyago kisicho na majivu ni udongo tu. Hakichorwi macho."

Miguu yake ilishakufa na moyo ulikuwa unachoka, lakini alikuwa anamalizia kinyago kimoja kwenye meza ya jikoni. Alitaka Sarita akipeleke Bhaktapur kikachezwe na vingine. Hakuwa na ombi lingine duniani.

Jumanne moja, mzee akiwa amelala, Flaviana alipangusa rafu. Akakuta kopo la chai lenye vumbi la kijivu, akadhani ni mabaki ya udi. Akalimwaga kwenye sinki, akalisugua kopo mpaka likang'aa, akaridhika. Alikuwa kwenye foleni barabarani, anarudi kwake, maneno ya mzee yalipomrudia: yale yalikuwa majivu ya vinyago vya Bhaktapur. Alilia palepale kwenye usukani.

Akampigia Jepkosgei, jirani yake Mkenya.

"Wacha kupanic, Flavi. Ash ni ash. Si mlichoma nyama Saturday? Jaza hiyo kopo, rudisha kwa shelf. Hata hatanotice."

"Nitakuwa nimemdanganya mzee wa watu, Jep."

"Na ukimwambia, utamuua."

Njia ya mwongo ni fupi, na Flaviana alifundishwa hilo Marangu tangu utotoni. Hata hivyo kesho yake alibeba majivu ya jiko la nyama, akalijaza kopo.

Siku ya tatu mzee aliliomba. Akamimina majivu kiganjani, akayasugua kwa kidole gumba, akayanusa. Akanusa tena. Kisha akamtazama Flaviana, naye Flaviana akatazama sakafu.

"Ahsante, binti yangu," akasema, akayachanganya na udongo polepole.

Hajajua, Flaviana alijiambia. Siku zilizofuata mzee alikipaka kinyago rangi nyekundu, akachora nyusi na midomo. Sarita alipouliza macho yatachorwa lini, alijibu kwamba mkono umechoka.

Alifariki mwezi Machi. Flaviana alimlilia kuliko alivyomlilia mama yake mzazi, aliyezikwa Marangu yeye akiwa huku, hana karatasi za kumruhusu kusafiri.

Wiki mbili baadaye Sarita alibisha mlangoni pake, ameshika boksi.

"Baba alisema hiki kisiende Nepal. Alisema nikuletee wewe, na nisikulaumu kwa lolote. Flaviana, alimaanisha nini?"

Flaviana alifungua boksi. Nyusi zilikuwepo, pua na midomo pia. Mahali pa macho palikuwa na udongo mtupu. Basi alijua tangu siku ile aliponusa. Alijua, na bado alimwita binti yake.

"Kaa chini, Sarita," akasema. "Ukoo wenu niliumwaga mimi, kwenye sinki."