Meli Niliyoahidi Kwenye Mikro

Kusema mbele ya watu hakujawahi kunishinda. Shule niliishia mwaka wa tano wa primeri, kule Bagira, lakini nipe mikro ya kusemea uone wenye diplome wanavyonyamaza. Ukiona paa jipya linang'aa kwenye kilima chochote cha Bukavu, uliza mabati yametoka wapi. Sisi tunayaita manjanja, na manjanja mazuri yanatoka kwa depo yangu. Nilianza kwa kupeleka chumvi na sabuni kwa wachimba dhahabu wa Shabunda, mugongo wangu ukiwa ndiyo lori, ndiyo kamio. Leo niko na kamio za kweli. Sikupewa na mutu.

Basi, ile mikro. Kwa arusi zetu, protokole anaita wageni mumoja mumoja. Unasimama, unatangaza zawadi yako mbele ya sale nzima ya wageni, na wamama wanapiga vigelegele kufuatana na uzito wake. Siku ile ilikuwa arusi ya binti wa jirani. Muuza simenti mumoja, rafiki yangu ambaye tunashindana kwa kila kitu, aliitwa mbele yangu. Akatoa frigo ya kugandisha barafu. Vigelegele vilifika mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nimeleta godoro. Lilikuwa godoro zuri, la kumulaza hata askofu, lakini nyuma ya frigo godoro ni kitu gani? Nililitangaza, wamama wakanipigia vigelegele vya adabu tu, na mikro ilikuwa bado mukononi mwangu.

"Tena musikie!" nikasema. "Mimi na bibi yangu tunakaribia jubile yetu, miaka makumi mbili na tano ya ndoa. Haitakuwa jubile ya mbuzi na soda. Nitamupeleka baharini, ndani ya meli kubwa ya starehe, ile yenye pisini ya kuogelea juu yake!"

Sale ikaamuka. Hata muuza simenti alipiga makofi. Bibi yangu, kwenye kiti chake, alitabasamu na kusema, "Aksanti, papa."

Kwetu neno lililotoka kwenye mikro halirudi. Kesho yake asubuhi, mbele ya depo, watu walishanipa jina. "Papa Meli, unaondoka lini?" "Papa Meli, utatuletea chumvi ya bahari?" Siku ya Mungu, nje ya kanisa, padri naye akaniuliza kama ndani ya meli mule kunasomwa misa. Nikamujibu kwamba kama haisomwi, nitaomba isomwe.

Kwa hiyo nikamuchukua bibi yangu tukaenda kwa ajansi ya safari, pale katikati ya muji. Binti wa ajansi alitufungulia picha kwenye kompyuta: meli ndefu kama avenue, inaanzia kwa Wahispania, inazunguka bahari juma nzima.

"Vyumba vya juu njo vya matajiri, si vile?" nikamuuliza. Kwenye bato zetu za ziwani za kwenda Goma, mwenye pesa analala juu, na chini wanalala mbuzi, magunia, na watu wa magunia.

"Ndiyo, papa. Juu kuko kabine zenye balko, unakaa inje unaangalia bahari."

"Weka ya juu kabisa. Halafu upunguze bei."

"Papa, bei inatoka Ulaya."

"Na Ulaya iko na mukubwa wake. Mupigie."

Alicheka mpaka akafunika mudomo, na picha nyingine ikaja: Wazungu wawili, bwana na bibi, kwenye meza ndogo, mushumaa katikati, bahari nyuma yao. Bibi yangu alisogeza kiti.

"Hawa banaongea nini?"

"Mambo yao, maman."

"Juma nzima? Beko babili tu?"

"Njo utamu wake, maman."

Bibi yangu akanigeukia. "Papa batoto, sisi tutaongea nini?"

Nikageukia binti, nikamuuliza bei tena. Muelewe: katika nyumba yetu sisi wawili hatujawahi kukaa meza moja peke yetu. Mimi nakula salon na wageni, mashoferi, mashemeji, wakati mwingine mutu ambaye hata jina lake silijui. Yeye anakula jikoni na mabinti na mashangazi. Ndivyo baba zetu walivyokula. Kati yetu maneno ni ya kupita: mama yako anaumwa, makala ya kupikia imeisha, funga geti.

Huko nje akanishika mukono. "Mimi siogopi maji. Naogopa ile meza. Tukifika kule tukakosa neno, nitaenda wapi? Hakuna jirani. Usilipe mpaka niseme ndiyo."

Ndiyo yake tu ndiyo ilikuwa imebaki kati yangu na aibu ya muji muzima. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo, tutajaribu.

Juma mosi nikampeleka kwenye hoteli moja kando ya ziwa, meza ya wawili, samaki na viazi vya kukaanga. Nikaanza na bei ya manjanja.

"Hiyo nilisikia ukiambia shoferi," akasema.

Nikaleta habari ya kamio iliyokwama matopeni.

"Hiyo pia."

Tukatazama maji. Nakuambia ukweli, ziwa lile sijawahi kulitazama kwa muda murefu vile. Halafu akapita kliya wangu wa mabati na bibi yake, nikaruka: "Karibuni, kaeni!" Wakakaa. Akapita mutu wa paruwasi, wa kanisa letu, naye nikamwita. Muuza simenti alitokea, sijui alisikia harufu. Serveri wa hoteli wakaunganisha meza, brosheti za nyama zikaja, mimi nikasimulia Shabunda yote na watu wakagonga meza kwa kucheka. Ilikuwa sherehe!

Ndani ya gari bibi yangu akauliza, "Umeona?"

"Nimeona nini? Si tumefurahi?"

"Uliita batu mpaka viti vikaisha. Kule baharini utaita nani? Samaki?"

Siku nyingi sikupita karibu na ajansi. Nikiitwa Papa Meli, nilijifanya niko kwenye simu.

Kisha Siku ya Mungu moja, mchana, watoto na mashangazi walikuwa wameenda kwaya, na mvua ilikuwa kali, hakuna mugeni wa kuja. Salon ilikuwa tupu. Nikaenda jikoni. Jiko lile nililijenga mimi, na vigae niliweka vya bei, lakini kukaa ndani yake, hapana. Nikakalia kiti kidogo karibu na mbabula yenye moto wa makala.

"Umepoteza kitu?" bibi yangu akauliza.

"Natafuta chakula."

"Bugali nitakuletea salon."

"Nakula hapa."

Akanitazama kama mutu anayepima homa kwa macho, akaweka sahani moja katikati yetu. Tukakata bugali, tukachovya sombe ya majani ya muhogo. Nilitaka kuleta habari ya manjanja, nikaimeza. Nikamuuliza, "Ulisema hauogopi maji. Ulipanda bato ya kwenda wapi?"

"Minova. Kununua vitunguu, wakati uko Shabunda. Mara nyingi."

"Na kulikuwa vipi?"

Akacheka peke yake kwanza. "Siku moja mama mukubwa mumoja alilala, na mbuzi ya mutu ikakula kitenge chake. Ilikula pole pole, na sisi wote tunaangalia, juu ya ukali wake tunaogopa kumuamsha. Tulipofika Minova akashuka amejifunga gunia, anatembea kama bibi ya gavana. Hakuna mutu alisema kitu!"

Sombe ilinipanda puani kwa kucheka. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulikuwa unarudi na hadithi zako. Zilikuwa zinajaza nyumba."

Basi nikampa moja ambayo sijawahi kuipeleka salon: siku mvua ilinikuta kwenye njia ya Shabunda na mzigo wa sabuni, nikateremka mulima mzima povu likinifuata nyuma, na kijiji cha kwanza kikakimbia kikidhani mimi ni mulozi wa kuloga watu. Faida yote iliosha barabara. Alicheka hadi akashika ukuta, akaomba nirudilie pale kijiji kinakimbia.

Mvua ilipopungua mutu akagonga geti. Nikasikia sauti ya muuza simenti: "Papa Meli, uko?" Miguu yangu ilitaka kusimama yenyewe. Bibi yangu alinitazama. Nikakata kipande kingine cha bugali. Akagonga tena, halafu tukasikia viatu vyake vinaenda matopeni.

"Kesho twende kwa ajansi," bibi yangu akasema. "Lipa."

Kesho yake nililipia kabine ya juu kabisa, yenye balko, na katika kata yetu nitajieni mwingine aliyelipa vile. Binti wa ajansi alikuwa anamaliza kuandika, akauliza, "Na kwa chakula cha magaribi, mutakaa meza ya babili, ao ya batu munane, muchanganyike na bageni ya inchi zingine?"

Watu munane! Wa inchi zote, na hakuna hata mumoja aliyewahi kusikia Shabunda! Nilifungua mudomo, bibi yangu akanikanyaga muguu.

"Ya babili, binti yangu."

"Na siku moja ya munane," nikaongeza.

Binti alimutazama bibi yangu.

"Siku moja," bibi yangu akasema. "Na ataongea kifupi."