Muhuri wa Kulinganishia

Kwa miaka tisa alikaa katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya bohari ya dawa, na wenzake wakamzoea kwa jina la Mama Nukta. Aliweka muhuri wa boksi chini ya leza, na mashine ikalinganisha mchoro wa mwanga wake na ule wa muhuri halisi uliohifadhiwa ndani. Ikifanana, nukta kali ya kijani ilichomoza katikati ya kioo. Isipofanana, ukungu tu. Penye nukta alipitisha. Penye ukungu alitia saini dawa ikachomwe.

Asubuhi hiyo mdogo wake alianguka tena jikoni, mara ya tatu wiki hiyo. Kifafa kilikuwa kimetulia miaka sita.

"Dawa nakunywa, dada," alisema kwa ulimi uliojeruhiwa. "Labda zimenichoka."

Alikwenda kazini na boksi jipya la dawa ambalo mdogo wake alilianza wiki hiyo. Nukta ikatoka, safi kabisa. Ndipo alipokumbuka muhuri alioifundishia mashine.

Mihuri ya dawa za kifafa ilipobadilishwa, miezi minane nyuma, sampuli ya muhuri halisi kutoka kiwandani ilichelewa, na foleni ya maboksi ilifika mlangoni. Akabandua muhuri wa boksi la kwanza lililokuwa karibu, akaifundisha mashine kwa huo. Sampuli ilipowasili, aliitupia kwenye droo, bahasha haijafunguliwa.

Sasa aliifungua, akaiweka chini ya leza. Ukungu. Akafuta lenzi kwa ncha ya khanga. Ukungu.

Alikimbia mpaka kwenye tanuri.

"Leo umekuja mwenyewe?" mchomaji alimtania. "Umekuja kuaga maiti?"

"Maboksi ya kifafa niliyoyakataa, yako wapi?"

"Si uliandika yachomwe?"

"Yote?"

"Mama, hata kamba sikubakiza." Kisha akamtazama usoni, na utani ukamwishia.

Mkuu wa bohari alimsikiliza akiwa amesimama. "Tutaunda kamati," alisema. "Kwa sasa, usifungue mdomo."

Alirudi chumbani, akaandika kwa mkono kwamba dawa za kifafa zenye muhuri ule ni bandia, na kwamba yeye ndiye aliyezipitisha. Akatia saini ileile, akaibandika karatasi kwenye dirisha la kutolea dawa. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakaanza kugeuza maboksi yao mikononi.

Kisha akampigia mdogo wake. "Hizo ulizo nazo usizinywe tena."

"Sawa. Ninywe zipi, dada?"

Alifungua daftari la uchomaji, akatafuta hata boksi moja la dawa halisi lisilo na saini yake. Upande wa pili, mdogo wake alikuwa bado anasubiri.