Mtani Aliyevaa Kanga za Mama

Siku ya arobaini ya mama, pale nyumbani kwake Mlandizi, tulikuwepo hawa. Mimi, mtoto wa kwanza, niliyetoka Masaki ya Kisarawe na kiroba cha mihogo. Mdogo wangu wa kiume anayenifuata, aliyetoka mjini na gari lake. Mdogo wetu wa mwisho, mwanamke, aliyemuuguza mama miaka mitatu katika nyumba ile na hana pengine pa kulala. Mjomba wetu wa Kibuta, ndugu wa mwisho wa mama. Mtani wetu, mama wa Kinyamwezi anayeuza maandazi sokoni. Na mwanamume mmoja mgeni, ambaye mdogo wangu alisema ni rafiki wa kazini amekuja kutupa pole. Majina yao wote ninayo, hata la huyo mgeni, ila wajukuu wameniomba nisiyataje.

Rafiki gani wa kutoa pole anapima uwanja kwa hatua, toka ukutani mpaka chooni? Lakini mimi sikushtuka, nilikuwa najua tangu siku tatu nyuma. Mdogo wetu wa mwisho alinipigia simu analia: kaka amemwambia aanze kufunga vyombo, nyumba inauzwa, kila mtu achukue fungu lake. Dini naijua, mwanamume mafungu mawili, sisi moja moja, na sibishani nayo. Ila fungu la yule mtoto halinunui hata banda la kuku kule Mlandizi. Angekwenda wapi na umri ule? Nikamwambia anyamaze, aendelee kuchambua mchele wa hitma.

Huyo kaka mtu sikumpigia. Nilikwenda kwa mtani.

Kwetu mtani akija msibani hakasirikiwi. Atavaa nguo za marehemu, ataiga mwendo wake, atasema analotaka, na wewe utacheka, utampa chochote aondoke. Ukimgusa kwa hasira umekosa wewe, na faini anaitaja yeye. Na mdogo wangu namjua. Tangu utoto, ukimcheka mbele ya watu anarusha mkono. Basi nikampelekea mtani kanga mbili za mama, miwani na bakora, nikamkalisha kwenye kigoda nikamfundisha kikohozi cha mama, mpaka mwenyewe nikasisimka.

Hitma ilisomwa, pilau ikaliwa. Watu wanasubiri chai, mara kikohozi kile uani. Akina mama wakageuka. Mtani akaingia amepinda mgongo, akaenda taratibu mpaka kwenye mkeka, akajisogeza akakaa katikati ya mdogo wangu na mgeni wake.

"Mwanangu, umekuja," akamwambia. "Miaka mitatu nakungoja. Ule mguu uliosema unakuzuia kuja kuniona umepona?"

Watu wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka, meno tu.

Mtani akamgeukia mgeni, akasogeza miwani. "Na huyu ndiye yule daktari uliyeniahidi? Karibu baba. Nimekuona unapima uwanja wangu. Kitanda changu cha hospitali utanitandikia lini?"

Mgeni akatazama viatu vyake. Kicheko safari hii kilitoka mpaka barabarani, na hapo ndipo mdogo wangu aliponipa nilichokuwa nakitaka. Alimkwida mtani kanga za shingoni, akamvuta, miwani ya mama ikaruka.

Mtani hakupiga kelele. Alikwenda akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, miguu kainyosha. Mjomba akamuuliza faini yake nini, mbuzi? Akasema mbuzi amle mwenyewe. Yeye anataka ufunguo wa nyumba na hati, akabidhiwe aliyemuuguza marehemu, na nyumba isiuzwe maadamu yule yu hai. Bila hivyo hatoki pale, wala tanga halijaisha.

Mdogo wangu akamtazama mjomba. Mjomba akasema, "Umemkwida mtani mbele ya watu. Toa."

Akatoa vyote viwili, alikuwa navyo mfukoni tayari kumkabidhi mgeni wake. Mgeni kunywa chai hakunywa.

Baadaye akanifuata jikoni, jasho linamtoka. "Dada, ni wewe uliyempanga?"

"Ni mimi."

"Umenivua nguo mbele ya watu."

Nikamwambia, mwaka nilioachika nilikuja nyumba hii hii na mtoto mgongoni, wewe ukasimama mlangoni ukasema talaka yangu haina chumba hapa, mama analia nyuma yako. Nililala kwenye banda la kuni miezi saba. Sasa umesimama wewe nje. Nenda salama.

Tangu siku hiyo hajanipa salamu. Mdogo wetu wa mwisho yumo ndani, amepaka chokaa, amepanda mchicha uwanjani. Kila Ijumaa ananipigia: dada, msamehe kaka, damu ni damu. Namjibu nitamsamehe, ila kwanza niache nifurahi, nilisubiri muda mrefu. Yeye hucheka. Mimi sitanii.

Kuna jambo moja watu wanabishana nami. Mjomba anasema lile neno la daktari mtani alilitunga mwenyewe palepale. Mimi nakumbuka nilimtia mdomoni mimi, pale kwenye kigoda. Mtani ukimuuliza anaomba maandazi yanunuliwe kwanza. Kama ulikuwepo ukasikia vingine, au nimekosea nani alikaa wapi, njoo Masaki unisahihishe, nitakusikiliza. Ila usije kuniombea msamaha kwa mtu.