Matembele ya Nhon

Khiem alirudi kwao Sa Dec kutoka vita vya Kambodia akiwa na miguu yake yote miwili, na majirani wakampongeza kana kwamba jambo hilo alikuwa amelipanga mwenyewe. Jeshini kazi yake ilikuwa kutegua mabomu yaliyofukiwa ardhini. Uraiani hakuna aliyemhitaji fundi wa namna hiyo, basi akaenda kwenye matanuri ya matofali kando ya mto, akapewa kazi ya kulisha moto kwa pumba za mpunga. Moto ule haukulala, naye usingizi ulikuwa umemkimbia zamani. Wakapatana.

Alimwoa Thoa, muuza supu ya tambi, mwanamke wa maneno mengi.

"Mume gani huyu?" Thoa alikuwa akimtania mbele ya wateja. "Ningeolewa na gogo, angalau ningepata kuni."

Khiem alikuwa akitabasamu tu. Alianza kuandika kwa sababu ya uchovu tu. Jambo lile lile lilimrudia kichwani kila siku, akaona afadhali aliweke kwenye karatasi, huenda likatulia huko. Aliandika juu ya Nhon, rafiki yake wa mtaa mmoja, waliyeitwa naye jeshini siku moja. Kisha akaipeleka hadithi kwenye jarida la mkoa.

Mhariri, Bwana Luc, aliisoma akikuna shingo.

"Kaka Khiem, umeandika vizuri. Lakini askari anakufaje na kikapu cha matembele? Mpe bunduki mkononi."

"Bunduki yake ilikuwa imeegemea mti."

"Basi isogeze kidogo."

Khiem hakuwa na nguvu za kubishana. Alichukua karatasi zake akarudi nyumbani. Thoa akamuuliza, "Na mama yake anajua?"

Hakujua. Mama Bay, mjane aliyekuwa akiuza vitunguu sokoni, aliambiwa na jeshi kwamba mwanawe alianguka akimkabili adui. Hivyo ndivyo alivyowaeleza jamaa kila mwaka siku ya kumkumbuka, mbele ya picha ya Nhon, ubani ukifuka.

Asubuhi moja Khiem alitoka kazini na majivu kwenye nywele, akaenda kumsomea. Mama Bay alikuwa akimenya vitunguu saumu. Hakuinua uso mpaka mwisho.

"Nani alimtuma?"

"Hakuna, mama. Tulikuwa tumechoshwa na samaki mkavu. Alisema atatukaangia matembele kama yako."

"Na wewe hukuisafisha njia, ukayategua mabomu?"

"Niliisafisha. Yeye akatoka nje ya njia. Aliona matembele ya ng'ambo ya dimbwi ni laini zaidi."

Mama Bay akaweka kisu chini. "Mjinga," alisema. "Mjinga mwanangu. Hata sokoni alikuwa hivyo hivyo, achague, achague." Akalia kwa muda mrefu, na Khiem akakiokota kisu, akaendelea kumenya vitunguu.

Kisha yule mama akajifuta kwa mkono wa blauzi. "Halafu umeandika alikuwa na sauti nzuri. Uongo! Alikuwa akiimba, paka wanahama. Futa."

Khiem akafuta.

Aliposikia habari ya mhariri, Mama Bay alivaa kofia yake ya ukindu akaenda naye mpaka ofisini.

"Wewe ndiye unayetaka kumpa mwanangu bunduki?" alimuuliza Bwana Luc. "Ameibeba vya kutosha. Mwache achume mboga."

Hadithi ikatoka kama ilivyokuwa.

Khiem alidhani sasa atapumzika. Lakini wazazi wengine waliopoteza watoto vitani waliisoma, au walisomewa, wakaanza kumfuata tanurini, kutoka Cao Lanh, kutoka Vinh Long. Watoto wa wengi wao Khiem hakuwahi kuwajua. Aliandika yale waliyomweleza wenyewe: aliyeogopa vyura, aliyependa kulala chini ya meza. Yakawa kitabu, kikafuata kingine. Moto wa pumba aliendelea kuukoka, maana vitabu havikumlisha, na kifua kikaanza kumbana.

"Siku moja waambie umechoka," Thoa alimwambia, akimsugua mgongo kwa mafuta ya mnanaa.

"Nawaambia."

"Wanasemaje?"

"Wanasema hata wao wamechoka. Halafu wanakaa."

Thoa akaguna, akaenda kuongeza maji kwenye sufuria, maana kwenye benchi la nje kulikuwa na mzee amekaa na picha mapajani, na hakuonekana kama mtu aliyekuwa amekula.